Kukusanya au Kuandaa Mapema: Historia ya Kufikisha Habari Kilosa na Mikumi

Mjenzi wa tovuti huanza na uamuzi ambao baadaye ni vigumu kuubadilisha: yatakayosomwa yaandikwe na kukamilishwa mapema, au yakusanywe kutoka kwingine kila yanapohitajika? Njia ya kwanza huzaa kurasa tuli. Faili huandikwa, hupandishwa kwenye seva, na kila anayelifungua, awe Kimamba wilayani Kilosa au Kigoma, hupokea maandishi yaleyale mpaka mhariri atakapoyabadilisha. Njia ya pili ni mkusanyo wa maudhui. Programu hupitia hifadhidata, mikondo ya habari ya tovuti nyingine, jumbe za simu au vipimo vya hali ya hewa, ikachota kinachofaa na kukipanga kuwa ukurasa mmoja. Kurasa tuli ni nyepesi, hazina gharama kubwa na haziharibiki ovyo, lakini huchakaa. Mkusanyo huenda na wakati, ila hutaka vyanzo vyote viwe hai na mtu wa kuutazama kila siku.

Katika wilaya ya Kilosa, pamoja na mji mdogo wa Mikumi ulio upande wake wa kusini, swali hilo lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Mji wa Kilosa uko kando ya mto Mkondoa, pale milima ya Usagara na Ukaguru inapokoma na tambarare ya Mkata kuanza. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilivuka tambarare hiyo, kisha ikapanda kufuata bonde la Mkondoa kuelekea Mpwapwa. Msafiri Henry Morton Stanley alipita huko wakati wa masika ya mwaka 1871 na kuhangaika kwenye matope ya Mkata kwa siku kadhaa. Wapagazi na viongozi wa misafara waliokutana kambini walipeana habari za mahali penye maji, hongo, yaani ushuru wa njia, iliyokuwa ikidaiwa mbele, bei ya pembe na usalama wa njia. Hakuna aliyeziandaa habari hizo mapema. Zilikusanywa kwa wapita njia na kuchujwa na wenye uzoefu, na thamani yake iliisha mvua ilipokatika au mtawala wa njia alipobadilika.

Maandishi yaliyoletwa yakiwa yamekamilika yalifika kwa sura nyingine kabisa. Novemba 1884, Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta koloni, alifika Usagara akiwa na mikataba ya kujitwalia ardhi, na mmoja wa aliotia nao saini ni Chifu Mangungo wa Msowero, mahali ambapo leo ni sehemu ya wilaya ya Kilosa. Kila mwanafunzi wa Tanzania amewahi kukutana na jina la Mangungo darasani, kwa kawaida kama funzo la hila. Kwa mtazamo wa historia ya habari, tukio lile linaonyesha pia hatari ya waraka ulioandaliwa mbali na wasomaji wake. Karatasi ilikuwa ya Kijerumani, maneno yalikwisha kupangwa, na upande wa pili haukuwa na nafasi ya kuongeza hata sentensi moja.

Reli ya Kati iliyotoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, Kilosa mwaka 1909 na Dodoma mwaka uliofuata. Nguzo za simu za maandishi zilisimama sambamba na njia ya treni. Kwa mara ya kwanza, kitu kilichochapwa pwani kiliweza kufika Kilosa kwa siku inayojulikana. Magazeti yaliyosafiri kwa njia hiyo, hata hivyo, hayakuwa ya upande mmoja. Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililochapwa Tanga zama za Wajerumani, lilitegemea barua za walimu na makarani waliotawanyika vituoni. Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya serikali ya Waingereza mwaka 1923, liliendelea na mtindo huo: maelezo ya kilimo, afya na utawala yaliandikwa Dar es Salaam, halafu kando yake zikapangwa barua, mashairi na habari fupi kutoka wilayani. Msomaji aliyelipokea stesheni ya Kilosa alishika karatasi ambayo nusu yake ilikuwa tuli na nusu yake ni mkusanyo, ingawa yote ilikwisha kukauka wino wiki kadhaa kabla. Kasoro yake ni ileile inayowasumbua wajenzi wa tovuti leo: mkusanyo uliopangwa vizuri huweza kuonekana mpya wakati umeshapitwa na mambo.

Mikumi ilibaki nje ya mkondo huo kwa muda mrefu zaidi. Tawi la reli kutoka Kilosa lilifika huko mwaka 1960, likasogezwa hadi Kidatu mwaka 1965. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilitangazwa mwaka 1964, na barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inaikata katikati kwa takriban kilomita 50. Kwa hiyo wilaya moja ikawa na mishipa miwili ya habari: reli kwa upande wa Kilosa na lami kwa upande wa Mikumi. Tofauti hiyo ina uzito mpaka leo.

Baada ya uhuru, serikali ilipendelea maudhui yaliyoandaliwa katikati. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ndiyo mfano mkubwa. Vijitabu vilichapwa, vipindi vya redio vikarekodiwa, na watu wapatao milioni mbili nchi nzima wakakaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi kilekile na kusoma kurasa zilezile kuhusu malaria, kichocho, vyoo na maji ya kunywa. Kwa mada za aina hiyo mpango ulifaa. Namna ya kuchimba choo haibadiliki kati ya Jumatatu na Ijumaa, na ujumbe mmoja uliohaririwa kwa uangalifu unashinda ushauri mia uliookotwa huku na huku.

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, kilichopo karibu na mji wa Kilosa, kilikuwa na tatizo gumu zaidi. Ilonga ilijulikana kwanza kwa pamba, kisha ikawa makao ya utafiti wa mahindi. Mbegu za Staha na Kilima, zilizotolewa mwaka 1983, zilitokana na kazi hiyo. Taarifa kuhusu mbegu ina matabaka mawili. La kwanza halichakai haraka: nafasi kati ya shina na shina, kiasi cha mbolea, mwinuko unaofaa, uvumilivu wa Staha kwa ugonjwa wa milia. Hilo linaweza kuchapwa kwenye kipeperushi na kutumika miaka kumi. Tabaka la pili ni mvua itaanza lini mwaka huu, viwavi vimeonekana kijiji gani, gunia linauzwa kiasi gani Kimamba na kiasi gani Morogoro mjini. Kipeperushi hakiwezi kubeba hayo. Yalibebwa na bwana shamba kwa baiskeli, na pale alipokosekana hayakubebwa na mtu.

Ukurasa wa kwanza wa wavuti, uliowekwa na Tim Berners-Lee katika maabara ya CERN mwaka 1991, ulikuwa tuli kwa maana kamili. Miaka miwili baadaye ilibuniwa njia ya kuiwezesha seva kuendesha programu na kutengeneza ukurasa pale unapoombwa. Mwaka 1999 kampuni ya Netscape ilitoa RSS, mpangilio wa maandishi unaoiruhusu tovuti moja kusoma vichwa vya habari vya nyingine bila mtu kunakili kwa mkono. Hapo ndipo mkusanyo ulipokuwa kazi ya mashine. Wasomaji walizoea vifaa vya kukusanya habari kiasi kwamba Google ilipofunga chake, Google Reader, Julai 2013, wengi walijikuta hawana tena pa kusomea. Anayetegemea mkusanyaji wa mtu mwingine hukaa kwa hisani yake.

Tanzania iliyapokea mabadiliko hayo kupitia setilaiti. Mpaka mkonga wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya nchi ilipanda angani umbali wa kilomita 36,000 na kushuka tena. Safari hiyo, kwenda na kurudi, hula karibu nusu sekunde hata kabla ya foleni kuhesabiwa. Ukurasa tuli wa kilobaiti 100 kwenye modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde huchukua kama sekunde 15 mambo yakienda vizuri. Ukurasa unaomlazimu msomaji kuita vyanzo kumi tofauti hulipa ile nusu sekunde mara kumi, na chanzo kimoja kikikwama ukurasa mzima unaweza kubaki mweupe. Kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti kilichoanza Dar es Salaam mwaka 2004 kilisaidia kwa sehemu, kwa kuwa barua pepe ya mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine mjini humohumo haikuhitaji tena kuzunguka Ulaya.

Kilosa ilipata kituo chake cha mawasiliano ya kijamii katika muongo wa kwanza wa karne hii, kilichojulikana kwa kifupi kama KIRSEC. Vituo vya namna hiyo vilitarajiwa kuwa mlango wa wakulima kuingia kwenye hazina ya maarifa ya dunia. Mtafiti Edda Tandi Lwoga aliitazama Kilosa pamoja na wilaya nyingine tano, vijiji vya Kasiki na Twatwatwa vya Kilosa vikiwemo, akakuta hali isiyoshangaza kwa anayezifahamu sehemu hizo: mkulima na mfugaji huuliza kwanza jamaa na jirani, na katika vyombo vya mawasiliano redio ndiyo iliyotangulia. Kurasa zilizokuwepo mtandaoni zilikuwa nyingi, ila chache zilihusu udongo wa Kilosa, na chache zaidi zilikuwa kwa Kiswahili. Wingi wa vyanzo hausaidii kitu iwapo hakuna hata kimoja kinachomhusu msomaji.

Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliweka wazi upungufu wa upande wa pili, wa habari zilizoandaliwa mapema. Mkondoa ulivunja kingo, reli ikasombwa kati ya Kilosa na Gulwe, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Maji hayo hayakutokana na mvua ya Kilosa peke yake. Mto huo hupokea maji ya Kinyasungwe yanayotoka upande wa Dodoma na Mpwapwa, kwa hiyo anayelala Kilosa anahitaji kujua mvua iliyonyesha mbali asikoona hata wingu. Taarifa kama hiyo haiandikiki mapema. Lazima itoke kwenye vipimo vingi, iunganishwe na ifike usiku uleule.

Jaribio kubwa la kuunganisha njia hizo mbili lilifanywa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Chini ya programu ya EPINAV iliyofadhiliwa na Norway, wataalamu wa chuo hicho, akiwemo Camilius Sanga, walitengeneza mfumo wa UshauriKilimo na kuujaribia Kilosa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mkulima alituma swali kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa Kiswahili, akitumia simu yoyote ile. Swali liliingia kwenye tovuti, mtaalamu akalisoma na kulijibu, jibu likarudi kwenye simu ya mkulima na kubaki kwenye hifadhidata ili wengine walione. Redio Jamii Kilosa ilitumika pia, kwa kuwa jibu linalosomwa redioni humfikia hata jirani asiyejua kusoma.

Utaratibu huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Ujumbe mfupi hubeba herufi 160. Ndani ya nafasi hiyo mkulima anapaswa kueleza zao, dalili, umri wa mmea na mahali alipo, na watu wengi hufupisha: “mahind yangu majan ya njano mwez 1 dawa gan”. Mashine inayokusanya kwa kulinganisha maneno haiwezi kujua kwa uhakika kama huyo ana upungufu wa naitrojeni, ana maji yaliyotuama shambani au ana ugonjwa wa milia. Bwana shamba anayeijua Rudewa, wilayani humo, hubahatisha vizuri zaidi, kwa sababu anajua mvua ilinyesha wiki gani. Kwa hiyo kiungo muhimu cha mkusanyo huo kilikuwa mtu, na mtu huyo alikuwa na vijiji vingi vya kuhudumia, pikipiki isiyo na mafuta kila siku na ripoti za kuandika. Swali lililokaa siku nne bila jibu lilikuwa limekwisha kufa, hata kama hifadhidata ilililinda vizuri.

Jambo jingine hujitokeza mfumo wa maswali unapokaa muda. Maswali hujirudia. Msimu wa kupanda watu huuliza mbegu, mwezi unaofuata wadudu, mavuno yakikaribia bei na dumuzi. Majibu yaliyotolewa mara hamsini huwa hayahitaji tena kukusanywa. Yanaweza kuhaririwa, kuwekewa picha za mifano na kuwekwa kama kurasa tuli, na mtaalamu akabaki na maswali mapya tu. Mkusanyo, kwa mwendo huo, hugeuka kuwa kiwanda cha kurasa tuli. Hayo ni matumizi yake bora kuliko yote, ingawa miradi mingi huisha fedha kabla ya kufika hapo.

Kampuni za simu zilichukua njia fupi. Tigo Kilimo, iliyoanza mwaka 2012, iliwapa wateja menyu ya simu yenye ushauri wa mazao ulioandikwa tayari, ikiambatana na bei za masoko na utabiri wa hali ya hewa. Ushauri ulikuwa tuli, bei na mvua vikakusanywa. Mgawanyo huo ulikuwa wa busara, ila bei ya soko la mkoa haimsaidii sana mtu wa Kidodi wilayani Kilosa ambaye mnunuzi amemfuata shambani na kipimo chake mwenyewe.

Upande wa serikali, zamu ya Kilosa ilikuja mwaka 2017, wakati mikoa yote 26 na halmashauri 185 zilipopewa tovuti kwa mpigo, kwa msaada wa mradi wa PS3 uliofadhiliwa na Marekani. Zote zilijengwa kwa kiolezo kimoja. Anayefungua tovuti ya Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa hukuta mpangilio uleule atakaoukuta Kasulu au Newala: ukaribisho wa mkurugenzi, historia, dira na dhamira, matangazo, zabuni, picha za ziara. Kiolezo kiliokoa gharama na kumwezesha ofisa habari kupandisha tangazo bila kumwita fundi. Kwa kurasa za historia na muundo wa idara, utuli si kasoro. Kasoro iko kwenye safu ya matangazo, ambayo umbo lake linaahidi upya kila siku, ilhali nyuma yake kuna ofisa mmoja mwenye kamera, ziara za viongozi za kufuata na kazi nyingine kumi. Tangazo la mwaka juzi linapokaa juu kabisa, msomaji huanza kutilia shaka hata namba ya simu ya ofisi.

Mkusanyo umewekwa ngazi ya juu. Tovuti Kuu ya Serikali huweka pamoja habari, matangazo na viungo vya huduma za taasisi mbalimbali, chini ya usimamizi wa chombo kilichoanza kama Wakala ya Serikali Mtandao na kuwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Mantiki yake ni nzuri: mwananchi asilazimike kujua kwanza ni idara gani inahusika. Udhaifu wake hutoka chini. Halmashauri isipopandisha kitu, makao makuu hayana cha kukusanya, na hakuna ustadi wa programu unaoziba pengo hilo.

Mikumi ina mashaka ya aina nyingine, ya kibiashara. Nyumba za wageni za kando ya barabara kuu ziliishi miaka mingi kwa madereva wa malori ya Zambia na Kongo na kwa watalii wanaotoka Dar es Salaam, safari ya kilomita kama 300. Kibao cha barabarani kilitosha. Watalii walipoanza kupanga safari wakiwa Ulaya, mwenye nyumba ya wageni alikuta njia mbili mbele yake. Anaweza kuwa na tovuti yake ya kurasa tano: vyumba, bei, picha za tembo, ramani, namba ya simu. Gharama ni ndogo na hakuna anayemkata kamisheni, lakini ukurasa huo haujui kama chumba namba 4 kimejaa usiku wa leo, na mgeni asiyejua jina la nyumba hataufikia kamwe. Au anaweza kuingia kwenye tovuti za kukusanya hoteli kama Booking.com na Tripadvisor, ambako vyumba vya dunia nzima hupangwa pamoja kwa bei na maoni ya wageni. Huko anaonekana, lakini Booking.com hukata sehemu ya malipo kwa kila mgeni inayemletea, na maoni mabaya ya mtu mmoja aliyekosa maji ya moto yanaweza kukaa miaka mingi juu ya jina lake. Wengi huishia kutumia njia zote mbili, na kazi halisi ya kuhifadhi nafasi hufanyika kwa WhatsApp.

WhatsApp yenyewe imekuwa mkusanyaji mkuu wa habari katika wilaya nzima. Kundi la kijiji hupokea bei ya mahindi, tangazo la msiba, picha ya ng'ombe aliyeonekana kwenye shamba la mtu, na barua ya halmashauri iliyopigwa picha ikiwa imekunjamana. Gharama za kuendesha tovuti ya habari kihalali ziliongeza mvuto wake: kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kulipia leseni, na ada zote kwa jumla zilifika shilingi milioni 2.1 kwa mwaka wa kwanza. Kundi la simu halitozwi hizo. Lakini halina mhariri, halitafutiki kirahisi, na katika wilaya iliyopoteza watu 38 kwenye mauaji ya Rudewa Mbuyuni Desemba 2000, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji, picha ya ng'ombe shambani isiyo na tarehe wala mahali si jambo dogo.

Kiufundi, ugomvi wa njia hizi mbili umepungua makali. Tangu kampuni ya Akamai ilipoanzishwa mwaka 1998, imewezekana kuhifadhi nakala za kurasa kwenye seva zilizo karibu na wasomaji. Programu za kuzalisha kurasa tuli, Jekyll ya mwaka 2008 ikiwa miongoni mwa zilizopata umaarufu, hukusanya maudhui mara moja, hutengeneza mafaili na kuyaacha yasomwe bila hifadhidata kuguswa tena. Kinachobaki ni kuamua kila kipande cha habari kikusanywe kila baada ya muda gani: maelezo ya mbegu kila mwaka, bei ya soko kila siku, kimo cha mto kila saa.

Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imeleta swali hilo hadi dirisha la tiketi. Kilosa ina stesheni kwenye njia hiyo, karibu na mahandaki yaliyochimbwa kupita milimani. Ratiba ya treni na nauli kutoka stesheni moja hadi nyingine vinaweza kukaa kwenye ukurasa tuli kwa miezi, na vingebandikwa hata ukutani. Idadi ya viti vilivyobaki haivumilii hata dakika kumi: abiria wawili, mmoja Kilosa na mmoja Dodoma, wanaweza kugusa kiti kimoja kwa wakati mmoja, na mfumo lazima uulize hifadhidata kuu kabla ya kupokea pesa ya yeyote kati yao.